Msumeno Usiokata Nyuma: Hatima ya Mkosaji katika Hadithi za Uhalifu za Kimarekani

Utangulizi

Waswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huu umebeba imani ya msingi ya jamii yoyote yenye mahakama: kwamba mwenye kosa, awe mkubwa au mdogo, atahukumiwa kwa sheria ile ile, na kwamba hata aliyeushika msumeno wenyewe hajasalimika na meno yake. Hadithi ya uhalifu ni utanzu unaoijaribu imani hiyo waziwazi kuliko tanzu nyingine za fasihi. Kila hadithi ya namna hii huanza kwa kosa na huishia kwa jibu fulani kuhusu mkosaji: amejulikana au hakujulikana, ameadhibiwa au ameponyoka. Kwa hiyo hatima ya mkosaji si jambo la kufungia masimulizi tu, bali ni hukumu ambayo msanii anaitoa juu ya jamii yake.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hatima hiyo katika hadithi za uhalifu za Marekani, tangu mwaka 1929 hadi mwaka 2008, katika vitabu, filamu na televisheni. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba baadhi ya waandishi bora wa vitabu hivi walimwona mkosaji mkuu kuwa ni mwenye mali na mwenye mamlaka, na wakakiri kwamba sheria haimfikii. Lakini hadithi zao zilipohamishiwa katika vyombo vyenye gharama kubwa zaidi, aghalabu hatia nayo ilihamishwa, ikaondolewa juu ya mkubwa na kutwishwa mdogo. Uhamisho huo haukutokana na matakwa ya wasanii peke yake. Ulifuata mkono wa mwenye kugharamia chombo.

Uchunguzi wa namna hii umecheleweshwa na mazoea ya wanafasihi wenyewe. Kwa muda mrefu hadithi ya uhalifu imetiwa katika fungu la fasihi pendwa, yaani vitabu vya kusomwa safarini na kuachwa kitini, na mhakiki anayeitaja huonekana kana kwamba anaomba radhi. Hukumu hiyo ina sehemu ya ukweli, maana vitabu vingi vya aina hii huandikwa kwa haraka na kwa kufuata mkondo mmoja. Hata hivyo, utanzu haupimwi kwa kazi zake dhaifu peke yake. Fauka ya hayo, hadithi inayotazamwa na mamilioni kila wiki ndiyo inayowafundisha watu nani wa kumwogopa na nani wa kumwamini. Kuinyamazia ni kuliacha funzo hilo lipite bila kuulizwa.

Kujua na Kuhukumu

Kwa msomaji wa Kiswahili, mpelelezi wa hadithini anayefahamika zaidi ni Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa, pamoja na kiko chake, ni wa ukoo wa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Katika ukoo huu uhalifu ni fumbo, na fumbo hufumbuliwa kwa akili. Mpelelezi amtajapo mkosaji mbele ya hadhara, kazi yake imekwisha, kwa sababu inachukuliwa kwamba kumjua mkosaji na kumhukumu ni jambo moja. Mahakama na gereza vipo nje ya ukurasa wa mwisho, tayari kumpokea.

Mapokeo hayo yalivunjwa na Dashiell Hammett. Hammett, aliyezaliwa mwaka 1894, alianza kufanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton mwaka 1915, kabla hajaanza kuandika hadithi katika jarida la Black Mask. Ni muhimu ikumbukwe kwamba Pinkerton haikuwa idara ya serikali. Ilikuwa kampuni ya kukodiwa, na miongoni mwa waliokuwa wakiikodi ni wenye viwanda na wenye migodi waliotaka kuvunja migomo ya wafanyakazi, kama ilivyotokea Homestead, Pennsylvania, mwaka 1892. Hivyo Hammett aliijua kazi ya upelelezi kwa upande ambao Holmes hakuufahamu: mpelelezi ni mwajiriwa, na mwajiri wake huenda akawa ndiye mkosaji.

Ujuzi huo ndio uti wa mgongo wa Red Harvest (1929). Mpelelezi asiyetajwa jina anafika katika mji wa migodi uitwao Personville, na usiku huo huo mwenyeji wake, Donald Willsson, anauawa. Lau kitabu hiki kingekuwa cha ukoo wa Holmes, swali la nani aliyemwua Donald lingekiendesha hadi mwisho. Hammett analimaliza swali hilo mapema. Muuaji ni karani kijana wa benki, aliyeua kwa wivu wa mapenzi. Anajulikana, anakamatwa, na mji haubadiliki hata kidogo. Hapo ndipo hadithi ya kweli inapoanza, na swali lake ni jingine kabisa: mji huu uliozwaje?

Jibu linaelekea kwa Elihu Willsson, baba wa marehemu, mwenye mgodi, benki na magazeti ya Personville. Miaka michache nyuma wachimba migodi waligoma, naye mzee akaleta majambazi wa kukodiwa ili wauvunje mgomo. Mgomo ulivunjika, lakini majambazi hawakuondoka. Wakawa ndio wenye mji. Mpelelezi anawachonganisha mpaka wanamalizana wao kwa wao, na maiti zinazidi kuongezeka. Hatimaye askari wa jimbo wanaingia, amri ya kijeshi inatangazwa, na mji uliosafishwa unarejeshwa mikononi mwa mzee yule yule aliyeuchafua. Mpelelezi anajua yote tangu mwanzo wa kosa hadi mwisho wake, wala hakuna mahakama ya kupelekea ujuzi huo. Kujua kumetengana na kuhukumu. Utengano huu ndio mchango mkubwa wa Hammett katika utanzu, na waliomfuata waliurithi kila mmoja kwa njia yake.

Hatia Ihamapo: Kutoka Kitabu hadi Filamu

Kitabu ni chombo cha gharama ndogo. Mchapishaji akipata hasara katika riwaya moja, ataifidia katika nyingine. Filamu inataka fedha nyingi na idhini ya watu wengi. Makampuni makubwa ya Hollywood, yakihofia udhibiti wa serikali na hasira ya makanisa, yaliandikiwa kanuni ya maadili mwaka 1930, na kuanzia mwaka 1934 kanuni hiyo ikasimamiwa kwa ukali na ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen. Ilidumu hadi mwaka 1968, ilipoachwa na badala yake ukawekwa utaratibu wa kuzipanga filamu kwa umri wa watazamaji. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba uhalifu usielekezewe huruma ya mtazamaji, na sheria isidharauliwe. Katika utekelezaji, maana yake ilikuwa kwamba mkosaji sharti alipe kabla taa za ukumbi hazijawashwa.

Kwa mtazamo wa juu juu, kanuni hii inaonekana kuutetea msumeno wa Waswahili. Lakini ukiilinganisha miisho ya vitabu na ya filamu zilizotokana navyo, utaona kwamba iliutetea upande mmoja tu wa meno yake. Mfano ulio wazi ni Double Indemnity ya James M. Cain, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida mwaka 1936 na katika kitabu mwaka 1943. Wakala wa bima na mke wa mteja wake wanamwua mteja huyo ili wapate fedha za bima. Katika riwaya, kampuni inapoupata ukweli haikimbilii mahakamani. Keyes, ofisa wake mwerevu wa kuchunguza madai, anaona kesi ya wazi italichafua jina la kampuni na biashara nzima ya bima. Anayapokea maungamo ya wakala kwa maandishi, kisha anampangia njia ya kutoweka kwa meli. Humo melini wakala anakutana na mshirika wake, na wawili hao wanaamua kujitosa baharini. Wauaji wanakufa, ni kweli, lakini kifo chao kimeratibiwa na shirika linalojali jina lake kuliko haki. Cain amewahukumu wauaji, na papo hapo ameihukumu kampuni.

Ofisi ya Breen iliikataa hadithi hii mwaka 1935, makampuni ya filamu yalipoonyesha hamu ya kuinunua. Ilipokubaliwa hatimaye, ikaongozwa na Billy Wilder na kutoka mwaka 1944, mwisho ulikuwa umegeuzwa. Wakala anampiga risasi mshirika wake, anaungama peke yake usiku mbele ya mashine ya kurekodia sauti, kisha anaanguka mlangoni mwa ofisi, damu ikimtoka, huku Keyes akiwa kando yake. Keyes wa filamu hana mpango wa siri. Ni mtu mwenye moyo wa baba, na kampuni yake imetoka safi. Kosa lililokuwa la wawili na la shirika limekuwa la wawili tu.

Haifai kudai kwamba filamu hiyo imeshindwa kisanaa. Kinyume chake, wengi wanaiona kuwa bora kuliko riwaya yenyewe, na sifa hiyo inatokana na namna Wilder alivyosema kwa picha yale aliyozuiwa kuyasema kwa kisa. Vivuli vya mapazia ya dirishani vinawachora wahusika mistari kama nondo za gereza tangu mwanzoni, wakiwa ndani ya nyumba nzuri na ofisi nadhifu. Filamu za aina hii, ambazo wahakiki wa Ufaransa waliziita filamu nyeusi, ziliongozwa mara nyingi na wasanii waliokimbia utawala wa Hitler, na Wilder alikuwa mmoja wao. Walijua jinsi ya kusema chini ya udhibiti. Hata hivyo kivuli ukutani si sawa na tuhuma iliyotamkwa. Mtazamaji huondoka na hofu isiyo na jina, ilhali msomaji wa Cain huondoka akijua kwamba kampuni ya bima ilifanya hesabu na kuchagua.

Mfano wa pili unathibitisha kwamba jambo hili halikuwa la kubahatisha. Katika The Big Sleep (1939), riwaya ya kwanza ya Raymond Chandler, mpelelezi Philip Marlowe anaajiriwa na Jenerali Sternwood, mzee aliyetajirika kwa mafuta. Mwishoni inagunduliwa kwamba Rusty Regan, mkwe wa Jenerali aliyetoweka, aliuawa na Carmen, binti mdogo wa mzee huyo, na kwamba dada yake alimlipa mwenye nyumba ya kamari, Eddie Mars, ili mauaji hayo yafichwe. Maiti imetupwa katika shimo la visima vya mafuta vya familia. Ishara hii haihitaji ufafanuzi mrefu: pale ulipochimbwa utajiri ndipo ulipofukiwa uhalifu. Marlowe hamshtaki Carmen. Anataka apelekwe mbali akatibiwe, na anakiri kwamba kwa kunyamaza kwake yeye naye amekuwa sehemu ya uchafu huo.

Katika filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1946, shimo la mafuta halimo. Hatia inaelekezwa kwa Eddie Mars, naye anasukumwa nje ya mlango na kuuawa kwa risasi za watu wake mwenyewe. Dada mkubwa na Marlowe wanabaki pamoja, na kinachosikika ni ving'ora vya polisi vikikaribia. Familia ya kitajiri imeoshwa, mcheza kamari amebeba. Katika lugha ya mitaani tungesema papa ameachwa apite na dagaa amekaangwa, ingawa dagaa mwenyewe hakuwa malaika.

Harlem na Askari wa Mwenye Nyumba

Chester Himes aliuingia utanzu huu kwa mlango mwingine. Alizaliwa mwaka 1909, na mwaka 1928 akahukumiwa kifungo kirefu katika jimbo la Ohio kwa unyang'anyi wa silaha. Alianza kuandika akiwa gerezani, akaachiliwa mwaka 1936, na mwaka 1953 akahamia Ulaya. Ni mhariri Mfaransa, Marcel Duhamel, aliyemshawishi kuandika hadithi za upelelezi, na riwaya yake ya kwanza ya aina hiyo ilipata tuzo kubwa ya riwaya za upelelezi nchini Ufaransa mwaka 1958. Kwa hiyo riwaya za Harlem ziliagizwa na Paris. Mwandishi Mmarekani Mweusi alipata uhuru wa kuisema Marekani kwa fedha za mchapishaji wa ng'ambo.

Wapelelezi wa Himes, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, ni askari Weusi katika jeshi la polisi linaloongozwa na Wazungu. Wanaishi katika mkanganyiko usiomalizika: watu wanaowalinda ni watu wao, lakini sheria wanayoilinda si yao. Katika Cotton Comes to Harlem (1965), tapeli mmoja anazikusanyia fedha familia 87 za Harlem, dola 1,000 kila moja, kwa ahadi ya kuzirudisha Afrika. Fedha zinaporwa na kufichwa ndani ya robota la pamba. Upande wa pili anatokea kanali Mzungu wa Kusini akiwaita watu hao warudi katika mashamba ya pamba. Mwishowe fedha zimeondoka na mzee mwokota takataka aliyekimbilia Dakar, Senegal. Wapelelezi, wakijua kwamba mahakama haitazirejeshea familia hizo chochote, wanamkamua kanali dola 87,000 kwa vitisho na kumwachia aende zake.

Mwisho huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Kisheria, askari wamefanya kosa: wamemwachia mhalifu kwa malipo. Kijamii, ni hapo tu wanyonge wa kitabu hiki wanapopata haki. Himes anaonyesha kwamba mahali ambapo msumeno haukati nyuma, mwenye kutaka haki hulazimika kuuvunja. Hakubaki katika jibu hilo. Katika Blind Man with a Pistol (1969), riwaya ya mwisho ya wapelelezi hao aliyoikamilisha, mauaji hayapati ufumbuzi, wakubwa wanawazuia wapelelezi wasichimbe zaidi, na kisa kinafikia kikomo kwa kipofu anayefyatua bastola ndani ya treni ya chini ya ardhi. Umbo la hadithi ya upelelezi limevunjika kabisa, na kuvunjika huko ndiko maana yenyewe. Mpelelezi hawezi kutoa jibu ikiwa swali haliruhusiwi kuulizwa.

Baada ya Kanuni

Kanuni ilipoondoka mwaka 1968, filamu ilipata nafasi ya kusema kwa kinywa chake. Chinatown (1974), iliyoandikwa na Robert Towne na kuongozwa na Roman Polanski, inaitumia nafasi hiyo kikamilifu. Kisa chake kimewekwa Los Angeles mwaka 1937, lakini kinatokana na historia ya namna mji huo ulivyojipatia maji ya bonde la Owens, kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1913. Tajiri Noah Cross anakula njama ya kuyapeleka maji katika ardhi aliyoinunua kwa majina ya watu wengine. Mtu huyo huyo amemwingilia binti yake Evelyn na kuzaa naye. Uporaji wa mali ya umma na unajisi wa nyumbani ni matendo ya mkono mmoja.

Katika mswada wa Towne, Evelyn alimwua baba yake. Polanski alikataa mwisho huo. Katika filamu iliyotoka, risasi ya polisi inamwua Evelyn, na Cross anamchukua mtoto mbele ya askari na mbele ya mpelelezi Gittes, aliyeufichua ukweli wote na asiweze kufanya lolote. Tofauti na Marlowe wa mwaka 1946, Gittes hana jambazi wa kumbebesha hatia. Miaka 45 baada ya Red Harvest, filamu imefikia pale kitabu kilipokuwa.

Televisheni: Saa Moja na Misimu Mitano

Televisheni ya Marekani haikuhitaji kanuni kali kama ya Breen ili ifuate mkondo huo huo, maana muundo wake wenyewe ulitosha. Vituo vikubwa viliishi kwa matangazo ya biashara, na mtangazaji wa sabuni au motokaa hataki mtazamaji alale na wasiwasi. Hadithi ilipaswa kuanza na kumalizika ndani ya saa moja au chini yake, ili wiki ijayo ianze upya kana kwamba hakuna lililotokea. Katika Perry Mason (1957 hadi 1966), wakili anamtetea mshtakiwa asiye na kosa, na mkosaji wa kweli anaungama mahakamani karibu kila wiki. Mahakama imegeuzwa mashine isiyokosea.

Mfano mzito zaidi ni Dragnet ya Jack Webb, iliyoanza redioni mwaka 1949 na kuingia televisheni mwaka 1951. Visa vyake vilitolewa katika majalada ya polisi wa Los Angeles, na idara hiyo ilikuwa ikiipitia miswada kabla ya kurekodiwa. Kila kisa kilimalizika kwa tangazo la hukumu aliyopewa mkosaji. Picha iliyojengwa ni ya polisi wapole, wachapa kazi, wasio na upendeleo. Mwezi wa Agosti 1965, katika mtaa wa Watts wa mji huo huo, kukamatwa kwa dereva mmoja Mweusi kulizusha ghasia zilizoua watu 34, na miaka ya malalamiko dhidi ya polisi ikajitokeza hadharani. Mwaka 1967 Dragnet ilirudi hewani ikiwa na sajini yule yule na sauti ile ile. Mhakiki anayetaka kuona nguvu ya mwenye kutoa majalada hahitaji ushahidi mwingine.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale mlipaji alipobadilika. The Wire ilionyeshwa tangu mwaka 2002 hadi 2008 na kituo cha HBO, ambacho watazamaji wake walilipa ada, na ambacho wakati huo hakikutegemea matangazo ya biashara. Waanzilishi wake walikuwa David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari wa Baltimore, na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa polisi na kisha mwalimu katika mji huo. Waandishi wa riwaya za uhalifu kama Richard Price, George Pelecanos na Dennis Lehane walishiriki kuandika miswada. Yaani, waandishi wa kitabu waliingia televisheni wakapewa saa sitini badala ya moja.

Urefu huo uliwawezesha kufanya jambo lisilowezekana katika Dragnet. Kila msimu unafungua chumba kingine cha nyumba moja: biashara ya madawa ya kulevya, bandari, siasa, shule, gazeti. Mpelelezi Freamon anapofuatilia dawa anakamata vijana wa mitaani, na anapofuatilia fedha anafika kwa wanasiasa na kuamriwa asimame. Takwimu za uhalifu zinapikwa ili wakubwa wapandishwe vyeo. Mwishoni meya anakuwa gavana, ofisa anayekataa kupika takwimu anajiuzulu, na mfanyabiashara mkuu wa dawa anabaki huru. Kijana mmoja amechukua nafasi ya jambazi aliyeuawa, na mwingine ameingia katika uraibu aliotoka mtu mzima. Wanabadilika watu, nafasi zao hazibadiliki. Hili ndilo Personville ya Hammett, ila sasa mzee Elihu hana uso mmoja wa kutambuliwa. Ametawanyika katika ofisi nyingi.

Kasoro za Utanzu

Isidhaniwe kwamba vitabu vilikuwa na macho makamilifu na vyombo vingine vilikuwa vipofu. Kasoro mbili za utanzu wenyewe hazina budi kutajwa. Ya kwanza ni mwanamke. Katika The Maltese Falcon (1930) Hammett anamfanya mpelelezi Spade amkabidhi Brigid kwa polisi. Cain anamfanya Phyllis kuwa karibu na shetani, na Chandler, ijapokuwa anaishtaki nyumba ya tajiri, anaiweka bastola mkononi mwa binti mgonjwa wa akili badala ya mzee aliyeijenga nyumba hiyo. Yafaa ikumbukwe kwamba filamu ya The Maltese Falcon ya mwaka 1941 iliweza kuufuata mwisho wa kitabu kwa ukaribu. Haikuhitaji kugeuza lolote kubwa, kwa kuwa mwenye kupelekwa gerezani hakuwa mkubwa wa mji bali mwanamke asiye na mtetezi. Hata Chinatown, inayomfichua Cross, inaihitaji maiti ya Evelyn ili ihitimike.

Kasoro ya pili ni faraja iliyomo katika kukata tamaa. Papa akiponyoka katika kila hadithi, mtazamaji huzoea, na kuzoea hukaribia kukubali. Mhusika mkuu aliyeshindwa kwa heshima huvutia sana, na mvuto wake waweza kuwafanya watu wauone ushindi wa dhalimu kuwa ni maumbile ya dunia. Wachimba migodi wa Personville walikuwa na chama na waligoma kwa miezi minane, lakini katika Red Harvest wao ni habari ya zamani inayosimuliwa katika kurasa chache. Mpelelezi pekee ndiye mwenye kutenda. Himes na The Wire wanajitahidi zaidi kuwapa watu wa kawaida sauti, ingawa nao hawaonyeshi umma ukijitetea kwa umoja hadi ukashinda.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba katika hadithi za uhalifu za Kimarekani mwisho ni mahali pa mapambano. Hammett aliitenganisha elimu ya kosa na adhabu yake. Cain na Chandler waliifuata hatia hadi katika kampuni na katika nyumba ya tajiri, na filamu zilizotengenezwa chini ya Kanuni zikairudisha kwa mtu mmoja mmoja. Himes alihitaji Paris ili aandike Harlem. Televisheni iliyolishwa na matangazo iliufunga uhalifu kila wiki, na televisheni iliyolipiwa ada ikaufungua tena. Kila mara mlipaji alipobadilika, mwisho ulibadilika pia.

Jambo hili lina maana kwa uhakiki wa riwaya ya Kiswahili ya upelelezi, ambayo imezoea kuulizwa kama imeiga au haikuiga ugeni. Swali la kuiga halifikishi mbali. Katika hadithi za Bwana Msa siri aghalabu imo ndani ya nyumba na ukoo. Katika Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, Willy Gamba anapambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, hivyo hatia kuu inatoka nje ya mipaka. Lenye faida zaidi ni kuuliza ni nani anayeachwa bila kuguswa katika kila mpangilio wa namna hiyo, na ni mchapishaji yupi, redio ipi au kampuni ipi ya filamu iliyoupendelea mpangilio huo. Riwaya za Kiswahili zinapogeuzwa kuwa michezo ya redio, filamu na vipindi vya televisheni, kazi ya mwanzo ya mhakiki iwe kuiweka miisho miwili bega kwa bega, ule wa kitabu na ule wa chombo kipya, na kuangalia mkosaji amehamia wapi.